Lakabu ya Sini

*Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wapenzi wa hisabati*



Naomba nianzie chini ya mwembe. Wavulana wawili wanapopoa embe moja lililobaki peke yake kwenye tawi. Wa kwanza ana haraka. Anarusha, jiwe linakatiza hewani na kuligonga embe. Wa pili analielekeza lake juu zaidi, linapanda taratibu kama lililosahaulika, kisha linashuka na kuligonga embe lile lile. Walisimama mahali pamoja na mawe yaliondoka mikononi kwa mwendo sawa. Sasa wanabishana: nani aliyelenga sawasawa?

Ubishi wao nitauamua baadaye. Kwa sasa tushike jambo moja tu. Swali ni moja, majibu ni mawili, na yote mawili ni ya kweli. Mtu aliyewahi kusoma aljebra akisikia habari kama hiyo, sikio linapaswa kumcheza: hapa pana mlinganyo wa kipeo cha pili, ule ambao shuleni tunauita kwadratiki. Hauonekani, kwa sababu umevaa nguo za pembe. Mhadhara huu unahusu namna ya kuuvua nguo hizo na, jambo ambalo wengi wetu hulisahau, namna ya kuurudishia.

1. Kumpa lakabu

Kila mtaa una mtu anayeitwa kwa lakabu. Kijiweni, sokoni, kwenye timu ya mtaa, lakabu inatosha, na pengine hakuna anayelijua jina lake lingine. Lakini siku akienda benki kufungua akaunti, lakabu haitamsaidia. Karani atataka jina lililo kwenye kitambulisho. Lakabu ni ya kurahisisha kazi, jina kamili ni la kumalizia kazi. Hayo mawili yakieleweka, nusu ya mhadhara imekwisha.

Tuchukue mlinganyo huu, tukitafuta thamani za x kuanzia nyuzi 0 hadi kabla ya 360:

2cos²x + 3 sin x = 3

Mwanafunzi akiutazama anaona wageni wawili, kosini na sini, na mmoja wao amepanda kwenye kipeo cha pili. Lakabu moja haiwezi kubeba watu wawili, kwa hiyo kwanza tubaki na mgeni mmoja. Anayetusaidia ni Pythagoras. Chora duara lenye nusu kipenyo 1. Nukta yoyote juu yake ina umbali wa kwenda pembeni, ambao ni kosini, na kimo cha kwenda juu, ambacho ni sini. Umbali huo, kimo hicho na nusu kipenyo hufanya pembetatu mraba, na kwa hiyo sin²x + cos²x = 1, popote utakaposimama kwenye duara. Badala ya cos²x tunaweka 1 − sin²x:

2(1 − sin²x) + 3 sin x = 3

Tukifungua mabano na kupeleka kila kitu upande mmoja, tunapata:

2 sin²x − 3 sin x + 1 = 0

Sasa yupo mmoja tu. Tumpe lakabu: tumwite s.

2s² − 3s + 1 = 0

Sioni tena pembe. Sioni duara. Naona kitu ambacho mtoto wa kidato cha pili anakijua kama njia ya kwenda kisimani. Vigawo vyake ni (2s − 1)(s − 1), na zao la vitu viwili likiwa sifuri, angalau kimoja ni sifuri. Basi s ni ½ au s ni 1.

Kwa mistari michache tulisahau kwamba tunashughulika na pembe. Nasema tulisahau, na siombi radhi, kwa maana kusahau huko ndiko kulikotupa nguvu. Mlinganyo wa kipeo cha pili haumuulizi mtu kabila. Ndani ya s kunaweza kukaa sini, urefu wa shamba au bei ya mchele, na hesabu itakwenda vile vile.

Aliyetufundisha kusahau kwa utaratibu aliishi Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu juu ya al-jabr na al-muqabala, na kutoka katika neno hilo la kwanza dunia ikapata aljebra. Jabr ni kurejesha kilichovunjika na kukikamilisha. Mzizi wake ndio ule ule uliotupatia neno letu jabari. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi, yaani nani apate fungu gani baada ya mazishi. Mbinu moja ilihudumia watu wengi wasiofanana.

Mfano wake maarufu ni huu: mraba, ukiongezewa mizizi yake kumi, unakuwa 39. Sisi leo tungeandika x² + 10x = 39. Yeye hakuandika alama, alichora. Chukua mraba wenye upande x. Ile mizizi kumi igawe mafungu mawili, kila fungu liwe mstatili wa 5 kwa x, uibandike mistatili hiyo kwenye pande mbili za mraba zinazokutana. Umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja imemegeka. Pengo hilo ni la 5 kwa 5, yaani 25. Lijaze. Eneo lote linakuwa 39 + 25, yaani 64. Upande wa mraba mkubwa ni 8. Ukitoa 5, x ni 3. Kona iliyomegeka imerejeshwa.

Sisi tunajua kwamba −13 nayo inaukidhi mlinganyo huo: 169 ukitoa 130 ni 39. Al-Khwarizmi hakuihesabu, kwa sababu alikuwa akitafuta upande wa mraba, na hakuna fundi anayepima upande wa −13. Kumbukeni kukataa huko. Kulitokana na asili ya kitu kinachotafutwa. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa.

2. Kurudi nyumbani

Turudi kwa s yetu. Nimesahihisha madaftari mengi, na naweza kuwaambia ni wapi kalamu nyekundu hufanya kazi. Mwanafunzi anafika kwenye s = ½ au s = 1, anapiga mstari chini ya jibu, anageuza ukurasa. Kazi ngumu ameifanya yote, kisha akaishia mlangoni. Swali halikumuuliza s. Liliuliza x. Huyo ndiye mtu aliyekwenda benki na lakabu.

Kurudi ni kuuliza: ni pembe gani yenye sini ya ½? Hapa duara linarudi kazini. Sini ni kimo. Nukta ikianza upande wa kulia na kuzunguka kupanda, inafikia kimo cha ½ kwenye nyuzi 30. Inaendelea hadi kileleni, inaanza kushuka upande wa pili, na inapita tena kwenye kimo kile kile kwenye nyuzi 150. Kimo cha 1 hukifikia mara moja tu, pale kileleni, kwenye nyuzi 90. Majibu ni matatu: 30, 90 na 150.

Wengine hushangaa. Mlinganyo wa kipeo cha pili una majibu mawili tu. Hili la tatu limetoka wapi? Limetoka kwenye safari ya kurudi. Majibu mawili yalikuwa ya s. Kila thamani ya s iliyo kati ya −1 na 1 hurudi na pembe mbili katika mzunguko mmoja. 1 na −1 zenyewe hurudi na pembe moja moja. Kwa hiyo mlinganyo wa namna hii unaweza kutupa hadi pembe nne, na tukiondoa mpaka wa nyuzi 360, kila pembe itajirudia kwa kila mzunguko bila mwisho.

Upo pia uwezekano wa kurudi mikono mitupu. Tazameni:

2 sin²x + 3 sin x − 2 = 0

Vigawo ni (2s − 1)(s + 2), na s ni ½ au −2. Ile ½ tunaijua. Je, −2? Kwenye duara lenye nusu kipenyo 1 hakuna nukta iliyo vizio 2 chini ya kitovu. Pembe haipo. Mlinganyo haukutudanganya. Sisi ndio tulioficha kwamba s ni sini, na kwa kuficha huko tulificha pia mipaka yake. Ni wajibu wetu kuikumbuka, kama al-Khwarizmi alivyokumbuka kwamba anapima upande wa mraba.

Kisa cha neno sini chenyewe ni funzo la lakabu iliyokosa njia ya kurudi. Wanahisabati wa India, ambao Aryabhata aliandika miongoni mwao mwaka 499, waliita kipimo hiki kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya uzi wa upinde, kwa kuwa tao la duara na mstari unaounganisha ncha zake vinafanana na upinde na uzi wake. Waandishi wa Kiarabu walilichukua kwa sauti tu, wakaandika jiba. Maandishi yale hayakuweka irabu, na watafsiri wa Kilatini wa karne ya 12 walilisoma jaib, yaani mkunjo wa vazi kifuani. Wakatafsiri mkunjo huo kwa neno lao, sinus. Hivyo kila tunapotamka sini tunataja nguo, ilhali aliyetangulia alikuwa akitaja upinde.

Nasi tuna yetu. Katika shule zetu nyingi za msingi za Tanzania mtoto hufundishwa kipeuo, kigawo, namba tasa, pembe kali. Anapoingia kidato cha kwanza anakuta vitu vile vile vimebadilishwa majina kwa lugha nyingine. Wengi hudhani wamekutana na somo jipya, na huogopa. Mwalimu anayetumia dakika mbili kusema, "Huyu ni yule yule wa darasa la sita, ila hapa anaitwa hivi," amewapunguzia wanafunzi wake mwaka mzima wa hofu. Ni kazi ile ile tunayoifanya na s: kujua kwamba jina limebadilika na mwenye jina yuko pale pale.

3. Chini ya mwembe

Sasa wavulana wetu. Tuseme jiwe linaondoka mkononi kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Embe liko mbele yao mita 6 kwa kipimo cha ardhini, na mita 3 juu ya usawa wa mkono. Mvuto wa dunia tuuhesabu kuwa 10 ili hesabu isitusumbue, na upepo tuuache upite. Wanatafuta pembe x ya kurushia.

Kwenda mbele, jiwe lina mwendo wa 10 cos x, hivyo litatumia sekunde 6 ÷ (10 cos x) kufika lilipo embe. Kwenda juu, lilianza na 10 sin x, na mvuto unalipunguzia kimo kwa mara 5 ya muda uliopandishwa kipeo cha pili. Tukiunganisha hayo tunapata:

3 = 6 tan x − 1.8/cos²x

Tanjenti na kosini: wageni wawili tena. Pythagoras anarudi kutusaidia, safari hii akiwa amegawanywa kwa cos²x: 1/cos²x ni sawa na 1 + tan²x. Tanjenti ni mwinuko, basi tumwite m.

3 = 6m − 1.8 − 1.8m²

Tukipanga upya na kugawanya kila kitu kwa 0.6:

3m² − 10m + 8 = 0

Vigawo ni (3m − 4)(m − 2). Mwinuko ni 4/3 au 2. Tunarudi kwenye pembe: nyuzi 53 hivi, au 63 hivi. Mwenye haraka alirusha kwa 53, na jiwe lake lilifika baada ya sekunde 1 kamili. Mwenzake alirusha kwa 63, na lake likafika baada ya sekunde 1.34. Ubishi umekwisha. Wote walilenga sawasawa. Kila mmoja alishika mzizi wake.

Msomaji mkali atasema tanjenti nayo hurudi mara mbili katika mzunguko, kwa hatua ya nyuzi 180, kwa hiyo hata nyuzi 233 zina mwinuko wa 4/3. Ni kweli. Lakini kwa nyuzi 233 kosini ni hasi, na muda wa kufika unakuwa sekunde −1. Jiwe hilo lingekuwa limeligonga embe sekunde moja kabla ya kurushwa. Tunalikataa, na sababu tunayo.

Sasa pandisha embe kidogo. Likiwa mita 3.2 juu ya mkono, mlinganyo unakuwa 1.8m² − 6m + 5 = 0. Ile sehemu ya kanuni inayokaa chini ya alama ya kipeuo, b² − 4ac, inakuwa 36 − 36, yaani sifuri. Mizizi miwili imekutana ikawa mmoja: m ni 5/3, kama nyuzi 59. Embe hilo lina pembe moja tu ya kulipopolea. Ukikosea kidogo, umelikosa. Lipandishe hadi mita 3.5. Sasa b² − 4ac ni hasi, kipeuo chake hakipo katika namba tunazopimia miti, na hakuna pembe yoyote duniani itakayolifikia kwa mwendo ule wa mkono. Darasani tunasema mlinganyo hauna mizizi halisi. Chini ya mwembe wanasema, tafuta mti.

Napenda mfano huu kwa sababu wanafunzi wengi huibeba b² − 4ac kama mzigo wa kukariri: chanya mbili, sifuri moja, hasi hakuna. Hapa unaweza kuiona ikining'inia kwenye tawi.

4. Mwizi na wageni wasioalikwa

Kabla sijaenda mbali, nionye juu ya mambo mawili yanayowaponza hata walio hodari.

La kwanza ni kugawanya ovyo. Chukua sin 2x = cos x. Tunajua sin 2x ni 2 sin x cos x, hivyo 2 sin x cos x = cos x. Mkono unawasha: cos x iko pande zote mbili, ifute. Inabaki sin x = ½, na tunaandika 30 na 150. Lakini jaribu 90. Sin 180 ni sifuri, na cos 90 ni sifuri. Nyuzi 90 ni jibu halali, na 270 pia. Tumeyatupa majibu mawili kwa sababu tuligawanya kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri. Njia salama ni kupeleka kila kitu upande mmoja na kutoa cos x nje ya mabano: cos x (2 sin x − 1) = 0. Hapo hakuna anayeibwa.

La pili ni kupandisha kipeo. Chukua sin x + cos x = 1. Ukipandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, unapata 1 + 2 sin x cos x = 1, yaani sin 2x = 0, na pembe nne: 0, 90, 180, 270. Zijaribu katika mlinganyo wa mwanzo. 0 na 90 zinakubali. 180 na 270 zinatoa −1. Walipoingia kwenye kipeo cha pili, 1 na −1 walivaa sare moja, na mlinzi wa getini hakuweza kuwatofautisha.

Kugawanya huiba, kupandisha kipeo hukaribisha wasioalikwa. Dawa ya wizi ni kutoa nje ya mabano. Dawa ya wageni ni kurudi kwenye swali la kwanza na kuwauliza wote majina yao.

5. Nyuzi 18

Nimalizie kwa pembe moja ambayo naona inastahili heshima.

Katika karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria alihitaji jedwali la kupimia nyota. Hakutumia sini, alitumia urefu wa mstari unaounganisha ncha mbili za tao, ambao ni mara mbili ya sini ya nusu ya pembe. Kwa nyuzi 60 na 90 kazi ni nyepesi. Lakini alihitaji pia 36, kwa maana kutoka 36 na mara mbili yake, 72, angeweza kutoa 60 akapata 12, kisha kukata nusu: 6, 3, 1½, ¾. Kwa 36 alitegemea jiometri ya pembetano na pembekumi aliyoirithi kwa Euclid. Sisi tutatumia lakabu.

Nusu ya 36 ni 18. Tuiite x. Kwa kuwa 5x ni 90, 2x na 3x zinakamilishana kufanya pembe mraba, na kwa hiyo sin 2x = cos 3x. Upande wa kushoto ni 2 sin x cos x. Upande wa kulia, kwa kanuni ya pembe iliyozidishwa mara tatu, ni 4cos³x − 3cos x. Kila kipande kina cos x. Je, tunaweza kugawanya? Nimetoka kuwaonya. Lakini hapa x ni nyuzi 18, kosini yake si sifuri, na ruhusa tunayo. Tunagawanya:

2 sin x = 4cos²x − 3

Tunaweka 1 − sin²x mahali pa cos²x, na tunampa sini lakabu yake ya zamani:

4s² + 2s − 1 = 0

Vigawo vya namba nzima havipo, kwa hiyo tunatumia kanuni. s ni −1, jumlisha au toa kipeuo cha pili cha 5, yote gawanya kwa 4: yaani 0.309 au −0.809. Nyuzi 18 ni pembe kali, sini yake ni chanya, basi −0.809 tunaiweka kando. Sini ya 18 ni 0.309.

Ptolemy, akitumia duara lenye nusu kipenyo cha vizio 60, aliandika kwa tao la nyuzi 36 urefu wa 37, na 4 juu ya 60, na 55 juu ya 3,600. Zidisha 0.309017 yetu kwa 120: unapata 37.082, namba ile ile katika vazi la sitini.

Alipofika nyuzi 1, Ptolemy alikwama, akalazimika kuibana kati ya makadirio mawili. Sababu yake tunaijua leo. Kutoka 3 kwenda 1 ni kugawanya pembe mara tatu, na mlinganyo wake ni 3s − 4s³ = sin 3°, wa kipeo cha tatu. Lakabu yetu inafanya kazi, ila mlango tunaoufikia hauna ufunguo wa kwadratiki. Katika karne ya 15, kule Samarkand kwa mtawala Ulugh Beg, al-Kashi aliushika mlinganyo huo kwa ukaidi: akakisia s, akaingiza kisio ndani ya mlinganyo, akapata kisio bora, akarudia tena na tena hadi usahihi uliowashinda wote waliomtangulia. Mwaka 1837 Pierre Wantzel alithibitisha kwamba kwa rula na bikari peke yake, kwa jumla pembe haiwezi kugawanywa mara tatu.

Yupo pia aliyekwenda safari yetu kinyumenyume. Mwaka 1593 Adriaan van Roomen aliwapa wanahisabati wa Ulaya changamoto: mlinganyo wa kipeo cha 45, mrefu wa kutisha, usio na pembe hata moja ndani yake. Mfaransa François Viète aliutazama akatambua kwamba herufi ile isiyojulikana ilikuwa lakabu. Aliyejificha nyuma yake alikuwa sini ya pembe iliyogawanywa mara 45. Sisi tunaivua sini nguo ili tukutane na aljebra. Yeye aliivisha aljebra nguo akakutana na sini. Alitoa majibu 23 chanya. Yale hasi aliyaacha, kama Baghdad walivyoacha −13.

Na hapo ndipo nataka kuwaacha, kwenye yale yaliyoachwa. Tulipotafuta sini ya 18 tulitupa vitu viwili: mzizi −0.809, na kigawo cos x. Tulikuwa na haki, kwa kuwa tulitafuta pembe moja tu. Sasa tuuvue mlinganyo sharti hilo. Tuuache sin 2x = cos 3x uwe huru mzunguko mzima, na tukaokote tulivyotupa.

Sini ya 0.309 inarudi na nyuzi 18 na 162. Ile −0.809 tuliyoikataa inarudi na 234 na 306. Cos x tuliyoifuta ikiwa sifuri inarudi na 90 na 270. Wanafunzi, chukueni bikari usiku wa leo. Choreni duara, wekeni alama kwenye 18, 90, 162, 234 na 306. Pimeni nafasi kati ya alama na alama: ni nyuzi 72, 72, 72, 72, 72. Ziunganisheni kwa rula. Mtapata pembetano yenye pande sawa, lile lile umbo alilotegemea Ptolemy. Mabega yake mawili ndiyo majibu tuliyoyapokea. Kilele chake ni kitu tulichokifuta kwa kugawanya, na miguu yake miwili ni mzizi tuliouweka kando.

Na nyuzi 270? Zipo chini kabisa, katikati ya miguu miwili, hazishiki kona yoyote ya umbo. Jaribuni katika mlinganyo: nazo ni jibu halali. Kwa nini limebaki nje, hilo nawaachia mwende nalo nyumbani.